Mdogo Wangu Anasoma Kitabu Alichokishika Juu Chini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe nikizungukazunguka, maana mimi kusema mbele ya watu siwezi na hata kuandika haya nimejifungia chumbani. Nimemaliza shule juzi tu, mama yangu ni fundi cherehani na sebule yetu ndiyo anaposhonea, na kila mteja anayekuja kupimwa lazima kwanza aburudishwe na mdogo wangu wa darasa la pili, tunamwita Profesa, anasimama karibu na cherehani anasoma kitabu cha shule bila kukwama, wateja wanapiga makofi, mama anasema, "Huyu hata sijamfundisha," na kweli hajamfundisha. Wiki iliyopita kitabu alikishika juu chini na akasoma vizuri vilevile. Hajui kusoma, mshauri, hata herufi anazichanganya, mimi humsomea jioni naye anakariri, nikamweleza mama kwa upole akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni, "Mwache mwenzio, atafunguka mwenyewe! Mwalimu wa tuisheni nimeshamtafuta, ataanza naye akifika darasa la saba." Baba akadakia, "Hata mimi nilichelewa," kwa fahari kabisa, ingawa gazeti hili mimi ndiye ninayemsomea.

Mwezi ujao naenda chuo, na jana Profesa alinishika gauni akaniuliza, "Dada, ukiondoka nani ataniambia kitabu kinasema nini?" Je, nimsomee vyote vilivyobaki avikariri, au niseme ukweli aaibike?

Dada Mtu

Dada Mtu,

Pole sana, na hongera kwa wazazi wenye subira ya ajabu. Darasa la saba! Mama yako angengoja gauni lifike harusini ndipo alipime, angekuwa na wateja? Sasa hivi pengo la mtoto ni dogo, linazibika. Akifika huko, masomo yote yatakuwa yamerundikwa juu yake, naye ameshaamini kwamba ni mjinga. Mjinga hakariri kitabu kizima kwa kusikia tu. Akili anayo, ila yote anaimalizia kwenye kujificha, na wewe mpenzi wangu unamshikia pazia. Baba anayejivunia kuchelewa, mwulize kwa adabu alifika lini.

Acha kumsomea ili akariri. Mfundishe herufi chache kila jioni, na sauti zake, sebule ikiwa haina mteja. Maonyesho yafungwe, wateja wakitaka burudani, redio ipo. Kesho nenda kwa mwalimu wake. Omba mtoto apimwe macho na masikio, kisha apewe muda wake wa kusaidiwa, muhula huu. Nenda na Profesa mwenyewe, asikie kwamba hapewi adhabu. Mama akikataa kuja, nenda hivyohivyo.

Na mwalimu naye akikuambia mtoto atafunguka mwenyewe, usibishane, najua huwezi. Kaa tu hapo ofisini kwake, kimya, umtazame. Mtu anayepiga kelele hutolewa nje; wewe watashindwa kujua waanzie wapi kukutoa.