Bi Siyo Anataka Ndiyo

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza kufungasha ofisi. Mihula sita, miaka thelathini, na vyote vimeenea kwenye maboksi manne. Moja la viatu! Nilikuja hapa fundi cherehani mwenye sauti kubwa, na siku ya kwanza nikakaa kwenye kiti cha waziri. Hakuna aliyenihamisha mpaka waziri mwenyewe alipofika, akasimama mbele yangu kama anasubiri kupimwa suruali.

Limebaki jambo moja. Muswada wangu wa wakalimani wa lugha ya alama hospitalini. Nimeuleta mara nne, na mara nne Bunge limevunjwa ukiwa bado kwenye foleni, ukafa. Hili la sasa linavunjwa Ijumaa ya wiki ijayo. Sigombei tena. Ukifa safari hii, sioni wa kuufufua.

Karani amenipangia Alhamisi, tarehe 13. Siku moja kabla ya mlango kufungwa. Nimemshukuru mpaka akaona haya.

Jumatano, 5 Juni

Mdogo wangu kaja kunipima gauni. Yeye ndiye aliyebaki na cherehani yangu nilipochaguliwa, na anashona kuliko nilivyowahi kushona mimi. Ni kiziwi tangu utotoni. Anasoma midomo hata ya mtu aliye ng'ambo ya barabara — wasengenyaji wa mtaani wanamkoma. Kanizungusha mbele ya kioo, kaniambia kwa vidole kwamba Bunge limenipa tumbo.

Tumecheka. Halafu nikakumbuka, kama ninavyokumbuka kila anaponishika kiuno kunipima. Miaka ishirini na miwili iliyopita aliingia hospitali na mimba na maumivu. Daktari alivaa barakoa, kwa hiyo hakuona mdomo. Akawa anaitikia kwa kichwa, kwa heshima tu. Wakampa karatasi, akasaini. Alizinduka hana mtoto, hana kizazi, na akakaa siku mbili hajui. Mimi ndiye niliyemwambia. Kwa mikono hii hii. Sijapoa mpaka leo.

Anataka kuja kuona kura ikipigwa. Nimemwambia nitamtafutia kibali cha jukwaa la wageni.

Ijumaa, 7 Juni

Nimetaka kupasuka! Afisa wa jukwaa anasema mgeni haruhusiwi kufanya ishara kwa wabunge. Nikamuuliza, je, mtu ambaye ishara ndiyo maneno yake? Akasema utaratibu ni utaratibu.

Mzee Kanuni alikuwa anapita na fimbo yake. Upande wa serikali, mihula saba, hajawahi kukosa kikao wala kuacha kosa lipite. Tumegombana ukumbini tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Akaagiza kitabu cha kanuni kiletwe, akakisoma pale pale koridoni, bila miwani.

"Kilichokatazwa ni kelele na makofi," akamwambia afisa. "Mikono haipigi kelele. Mpe mama kibali."

Nikamshukuru. Akanionya nisijipe moyo: muswada wangu yeye hauafiki, wakalimani wa kutosha hawapo. Nikamjibu watakuwepo wakiajiriwa. Akaondoka akiguna. Lakini kibali ninacho!

Jumapili, 9 Juni

Nimefanya mazoezi ya hotuba sebuleni. Baba watoto kakaa na saa ya jikoni mapajani. Dakika kumi na mbili. Kaniambia nipunguze, na nisilie kabla ya ukurasa wa tatu.

Kisha akanichokoza. Eti siku hiyo nichunge ulimi. Miaka thelathini upande wa upinzani, wale wa serikali wanasema ndiyo, mimi nasubiri zamu yangu kupiga siyo ya kutikisa madirisha. Ndiyo maana watoto wa shule wananiita Bi Siyo. Hata chai, anasema, nikiulizwa nakataa kwanza, halafu nakunywa.

Nimemwambia siyo kweli. Akacheka mpaka saa ikaanguka.

Jumanne, 11 Juni

Nimezunguka mkahawa wa Bunge meza kwa meza. Serikali imewaachia watu wake wapige kura watakavyo! Wengi wananipa mkono. Wengine wananisifia gauni. Sijui nisadiki lipi.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika nyuma ya hotuba yangu. Nipo ukumbini, kengele inalia. Mwandiko mbaya, naandikia mapajani.

Hotuba ilikwenda vizuri. Sikulia kabla ya ukurasa wa tatu. Mdogo wangu yuko juu, safu ya kwanza, kavaa kitambaa kile kile cha gauni langu. Spika akauliza wanaoafiki waseme ndiyo. Nikamtazama mdogo wangu. Zamu ikanipita. Ndiyo zikasikika, za kutosha tu. Spika akauliza wasioafiki.

Na mimi nikasimama, nikapiga "SIYO!"

Mimi! Kwa muswada wangu! Sauti ile ile ya kutikisa madirisha. Kumi wengine wakanifuata, kwa mazoea tu, maana wamezoea kunifuata. Spika akasema anadhani waliosema siyo wameshinda. Nilitamani ardhi inimeze. Miaka ishirini na miwili, nimeiua kwa neno moja.

Ndipo nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Mzee Kanuni.

"Mheshimiwa Spika, matokeo yana utata. Naomba kura ya kuhesabiwa watu."

Lazima wabunge ishirini wasimame kumuunga mkono. Wakasimama. Sikuhesabu, nilikuwa nimefunika uso; nilisikia tu kengele ya kuwaita wabunge walio nje.

Nilipofunua, mdogo wangu alikuwa kashika kichwa. Alisoma mdomo wangu, hakuna kinachompita. Akaniuliza kwa mikono nimesema nini. Nikajibu: nimekosea. Akacheka mpaka afisa akageuka.

Kengele imekoma. Milango imefungwa. Wanaoafiki wanakwenda kulia, wasioafiki kushoto, kwa miguu yao. Nimekwenda kulia wa kwanza, karibu nikimbie. Na sasa ndiyo naelewa: kura ya sauti asingeisikia kamwe. Hii anaiona yote. Anahesabu kwa vidole, haraka kuliko Karani. Machozi yananitoka na sioni aibu.

Wale kumi wanakuja huku vichwa chini. Kushoto nako wapo, wengi, sitajidanganya. Mzee Kanuni bado yuko katikati, magoti yake hayana haraka.

Kafika huku kulia. Kaniambia nisogee, anataka kukaa. Nimesogea.

Juu, mdogo wangu amekunja vidole vyote na kuanza kuhesabu upya, maana watu bado wanavuka.