Fimbo ya biyari ya Koko Nzabandora

Victorine, wacha nikuambie sasa hivi, bado nacheka! Kaka yetu Honoré ametuletea haya hapa Nyabiondo.

Unajua ile fimbo ya biyari ya babu yetu Koko Nzabandora, ya kupigia mipira ya mezani, ile haina alama ya fundi? Honoré amekusanya familia yote. "Iko ya Liège, kule Ubelgiji! Mwaka 1954, Muzungu wa Kirolirwe alimupatia Koko kama zawadi. Mikono ya mulima maharagi haiwezi kutengeneza kitu kama hii."

Mikono ya mulima maharagi! Mbele ya bibi yetu Koko Mukankusi, mujane wake!

Kila muntu anaishika, inamuumiza. Pa kushikia kumechongwa nafasi ya vidole vitatu na gumba, basi. "Wazungu njo wanashikaka hivyo," Honoré anasema. Bila haya!

Koko Mukankusi akamuonyesha foto ya ndoa yao. Mukono wa bwana wake iko kwa bega lake: kidole kimoja hakiko, shoka ilikikata.

"Muzungu alimutuma aichonge. Bwana wangu akapimia mukono wake mwenyewe, na alijua anafanya nini. Muzungu kuishika tu, ikamuumiza, akamutupia. Bwana wangu alicheka mpaka nyumbani. Njo ile zawadi yako, Honoré."