Saini ya Mume Wangu Imo Kwenye Friza

Mpendwa Mshauri, nakuandikia nikiwa chumba cha kufulia, mashine nimeiwasha bila nguo ili mume wangu Orrin adhani nina kazi, naomba unisaidie maana nimefanya jambo na sijui nitalitengua vipi. Sisi ni wakulima wa mbegu za nyasi hapa bondeni Oregon, na kila Agosti baada ya mavuno Orrin huchoma mashamba kama alivyochoma baba yake, na binti yetu Corinne alikuwa na pumu tangu ana miaka minne, nimekimbia naye hospitali sijui mara ngapi huku baba yake akisema, "Mama Corinne, acha kumdekeza mtoto, moshi haujaua mtu hapa," na alipokua akaondoka, huu mwaka wa tisa hajakanyaga nyumbani, na sijawahi kumwambia Orrin kwamba moshi wake ndio uliomfukuza.

Sasa mwaka huu kwenye uchaguzi wa jimbo, pamoja na gavana na mweka hazina, kulikuwa na pendekezo la kupiga marufuku uchomaji wa mashamba, na Orrin alipata kiharusi mwezi wa pili, mkono wa kulia umekufa, akakaa wiki tatu mezani akijifunza kuandika jina lake kwa kushoto, na karatasi za kura zilipoletwa na posta akajaza yake kivyake, akatia saini kwenye bahasha, maana huku kura hutambuliwa kwa saini, akaniita, "Njoo uone, bibie! Nani kasema mzee kaisha?" nikacheka naye, nikaipeleka mwenyewe kwenye sanduku la kura pale maktaba. Wiki moja baada ya uchaguzi ikaja barua ya karani wa kaunti kwa jina lake, kwamba saini haifanani na ile waliyo nayo, kura imewekwa kando, na asipopeleka fomu yenye saini mpya kabla ya saa kumi na moja jioni Jumanne ijayo haitahesabiwa. Nikaiweka kwenye friza chini ya nyama ya kulungu. Najua alipiga Hapana. Nikajiambia namwepusha na aibu, ataumia akijua mkono wake umekataliwa, lakini kila asubuhi ananiuliza, "Wamemaliza kuhesabu?" namjibu bado, na Mshauri, nikuambie ukweli, nafurahi. Je, niiache siku ipite?

Mke wa Mkulima

Mke wa Mkulima,

Hapana, usiiache. Na hilo la kumwepusha na aibu kamwambie mwingine. Anayeficha barua kwa huruma haamki na furaha.

Pole kwa mtoto. Mimi nimelea wangu bonde hilohilo, madirisha yamefungwa kwa mataulo yaliyoloweshwa, kwa hiyo hasira yako siishangai. Ila umeitupa mahali pasipo pake. Pendekezo limeshapita kwa tofauti ya kura zaidi ya elfu arobaini, gazeti hili limeandika. Kura ya Orrin haiwezi kuwasha hata kiberiti. Basi hukumwokoa mtu yeyote na moshi. Ulichomnyang'anya mumeo ni jina lake, alilojifunza upya kama mtoto wa chekechea, lile ulilocheka naye siku alipoliandika.

Na nani kakuambia alipiga Hapana? Alijaza kivyake, umesema mwenyewe. Hukumuuliza. Hata kama ni Hapana, ni yake. Miaka yote hiyo ulikuwa na mdomo, mama, ukangoja jimbo zima likusemee.

Gazeti hili linakufikia Alhamisi, Jumanne bado siku tano. Itoe hiyo barua leo, iweke mezani mbele yake, useme, "Niliificha mimi." Usianze na kulia. Saini aiweke mwenyewe, hata ikimchukua saa nzima na herufi zikienda kombo. Ukimshika mkono au kumwandikia, hilo ni kosa la jinai na sitakutetea. Posta usiitegemee, itachelewa. Mpeleke kaunti kwa gari, aikabidhi kwa mkono wake.

Habari za Corinne usizitaje kabla fomu haijapokelewa. Kura ya mumeo isiwe chambo cha kumfanya akusikilize. Mkisharudi kwenye gari, kabla hujawasha, mwambie yote: hospitali, moshi, miaka tisa. Atafoka. Mwache afoke, na wewe usinyamaze safari hii.

Halafu mpigie simu Corinne, baba yake akiwa pembeni anasikia, umwambie kwamba alikuwa mgonjwa kweli na wewe ulijua siku zote. Barua yako nzima sijaona mahali ulipolisema hilo mbele ya binti yako. Nadhani moshi peke yake Corinne angeuvumilia, kimya chako hapana.