Baba Kidoti Anashika Breki

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje siku hizi? Na cherehani je, imetengemaa au bado inakata uzi? Sisi huku tuna afya. Mdogo, yule tuliyempa jina la Mzee kwa ajili ya upara wake, ameota jino la kwanza na kulijaribu kwenye bega langu. Kidoti ametimiza miaka minne na anauliza maswali ambayo kule ofisini yangehitaji kufunguliwa faili.

Nina ombi, na najua ni la ajabu. Naomba umwandikie wifi yako umwambie anikataze kushindana.

Usicheke kwanza. Unajua ninavyoipenda baiskeli. Watu hudhani mwenye watoto wadogo anakosa nafasi ya mbio, na mimi nilidhani hivyo, lakini shida yangu imegeuka: kila mtu ananisaidia. Wifi yako amebadilisha zamu zake hospitalini ili alfajiri awepo nyumbani nikitoka kwenda mazoezini. Jumamosi, akiwa kazini, mama mkwe anakuja kukaa na watoto na hataki hata asante. Bosi, ambaye hajawahi kumpa karani ruhusa bila kuguna, amenipa likizo mwenyewe. "Tuletee kikombe," kasema, "tukiweke juu ya kabati la mafaili."

Siku za mvua naendesha sebuleni, gurudumu la nyuma limeinuliwa kwa stendi, Mzee nimembeba kifuani. Mvumo wa gurudumu unamlaza kuliko wimbo wowote. Kidoti anakaa mkekani mbele yangu.

"Baba, umefika wapi?"

"Mbali sana."

"Mbona nakuona?"

Ninachowaficha wote ni hiki: naogopa mteremko. Kupanda napanda, hakuna kwenye klabu yetu ya baiskeli anayenishinda. Lakini tangu Mzee azaliwe, barabara ikiinama tu, mikono inashika breki yenyewe. Siiamuru. Naona kokoto moja, na papo hapo namwona Kidoti akiulizwa na watu baba yako yuko wapi. Wenzangu wananipita kama nimeegeshwa. Kepteni wetu anadhani breki zangu zinagusa rimu. Juzi kazifungua zote, kazifunga upya, kisha akanuna kwa kukosa ubovu.

Mwezi wa tano tuna mashindano makubwa, na njia yake inashuka mlimani kwa kona baada ya kona. Nikisema naogopa, taabu zote za wifi yako zimekuwa bure. Nisiposema, itabidi nishuke. Sijui kama huu ni woga au ndio ubaba wenyewe. Nimesoma vitabu vingi, dada, na hakuna kilichofika huko. Lakini akinikataza yeye, mambo yatakwisha na hakuna atakayeaibika.

Mdogo wako

21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, nimeuzoea kama mpangaji msumbufu. Cherehani imepona, sasa anayekata uzi ni mimi mwenyewe kwa usingizi, maana shule zote zimetaka sare wakati mmoja. Mbusu Mzee kwenye huo upara.

Mara ya kwanza niliisoma barua yako nikacheka. Mara ya pili nikakaa chini. Siandiki. Nimwambie mke wa watu amkataze mumewe kitu ambacho mume mwenyewe hakitaki? Huo ni ujanja wa kikarani, kutafuta sahihi ya mtu mwingine. Mwambie mwenyewe. Mdomo unao, niliulisha mimi.

Na huo woga usiukuze. Baba yetu aliogopa kuku na akalea watoto sita. Unachopungukiwa ni moyo, na moyo mtu hutiwa na watu wake. Mimi vidole vikifa ganzi na sare bado zimejaa meza nzima, wanangu wakija tu kukaa pale mlangoni na kelele zao, mguu unakanyaga cherehani kama wa msichana. Mtu akiwaona wanawe hupata nguvu asizozijua.

Dada yako

16 Aprili

Dada,

Shikamoo. Pole na sare. Huku Mzee alipata homa kidogo, sasa anatambaa tena na kula karatasi.

Nimejaribu kumwambia. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya uuguzi.

"Mke wangu," nikasema, "kuhusu yale mashindano."

"Usijali, ruhusa ya siku hiyo nimeshaipata. Nitakuja kukuona."

"Si hilo."

"Basi ni viatu. Nimeona vile vya zamani vimeachama. Tutanunua."

Nikasema ndiyo, ni viatu.

Sasa nina viatu vipya vya mashindano, dada. Ni vyekundu, vinaonekana toka ng'ambo ya mtaa. Rangi kachagua yeye, mimi nilitaka vyeusi. Kila nikivitazama nahisi kama nimeiba.

Mdogo wako

3 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na Mungu ashukuriwe kwa Mzee. Karatasi hazijamuua mtu, ila zisiwe za serikali.

Wewe ukiachiwa utanunua hata baiskeli ya pili kwa kuogopa kusema neno moja. Basi nimekusaidia. Nimempigia simu wifi yangu. Usitoke jasho! Neno la woga sikulitaja. Nimemwambia tu kwamba mwisho wa mbio kila mtu anashangiliwa, hata aliyeshindwa, kwa hiyo asiende kukusubiri huko. Awachukue watoto wakasimame kwenye mteremko, mahali unapohitaji moyo. Kafurahi sana. Anataka usijue, iwe kama zawadi.

Mimi siri sizipendi, kwa hiyo nakuambia mapema ili usishtuke. Ukiwaona, achia hizo breki uwaonyeshe baba yao ni nani.

Dada yako

14 Mei

Dada,

Shikamoo. Leo nakuuliza hali kwa sababu adabu inanitaka, maana nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani. Barua yako ilifika Jumatatu. Mashindano yalikuwa Jumapili, siku moja kabla.

Kupanda kulikwenda vizuri mno. Nilifika kileleni na kundi la mbele. Kepteni akanipiga bega, "Leo una moto, baba!" Kisha barabara ikainama. Nikajiambia, kona hii tu, halafu ile tu. Nikaachia breki. Kweli niliachia, dada. Upepo ukanijaa masikioni, na nilikuwa na furaha. Naomba hilo ulijue kabla sijaendelea.

Kwenye kona iliyofuata nikawaona. Mwenzangu nyuma ya kamba, Mzee mgongoni, Kidoti anapunga kitambaa. "Baba!" Kaniita kwa sauti ile ile ya kuniita nije kula.

Nilibana breki zote mbili. Gurudumu la nyuma likaserereka, likatafuta njia yake, likakaa. Sikuanguka, sikumgonga mtu. Nilisimama tu, nikashuka. Kidoti akaanza kurukaruka. "Baba ameshinda! Baba amefika wa kwanza!" Waendeshaji wengine wakawa wanapita, vuu, vuu. Akawatazama kwa huruma. "Mbona hawa hawasimami?"

Mama yake alikuwa anatazama mikono yangu. Muuguzi anaijua mikono inayotetemeka kwa uchovu, na anaijua ile nyingine. Akaishika.

"Tangu lini?"

"Tangu Mzee."

Akakaa kwenye nyasi na mtoto mgongoni, akacheka, halafu kikawa si kicheko tena. "Mimi kila Jumamosi," akasema, "gari la wagonjwa likiingia naacha kila kitu nikaangalie miguu. Unafikiri kwa nini nilichagua vyekundu? Nilitaka nitambue mapema kama ni miguu yako. Na kukuzuia nilishindwa, niliona utanichukia."

Nikapanda baiskeli tena, nikashuka pole pole mpaka chini, nyuma yangu lile gari la kuokota waliochoka likinipigia honi njia nzima.

Sasa sikiliza kinachonichanganya. Siri imetoka. Mwenzangu kanikumbatia, mama mkwe kasema afadhali, hata bosi kasema kabati lina vumbi, kikombe kingechafuka. Hakuna tena anayetaka nishuke. Mlango niliokuwa nauomba umefunguka, na mimi nimesimama kizingitini. Alfajiri naamka miguu inawasha. Naukumbuka ule upepo. Usingewapeleka pale, pengine ningefika chini na furaha yangu. Pengine ningekuwa korongoni. Nikushukuru au nikununie?

Mdogo wako

29 Mei

Mdogo wangu,

Nuna. Una haki, na mimi nitavumilia, nilikuzoea tangu ulipokuwa unanuna kwa kunyimwa ukoko. Nilikupima kwa kipimo changu, na fundi anayefanya hivyo huharibu kitambaa cha watu. Nisamehe. Tangu barua yako ifike naota kamba na kona.

Lakini nieleze, umeamua nini? Nimeuliza ndugu wote na kila mmoja kasema lake. Mimi mwenyewe asubuhi nasema aache, jioni nasema aendelee.

Dada yako

8 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimekwisha nuna, na nimerudi nikiwa na njaa kama siku zote. Mzee anatembea. Anatembea akiwa ameshika kitu, na kitu chenyewe kwa kawaida ni suruali yangu.

Kepteni nimemwambia kila kitu. Akasema, "Kumbe ubovu upo, nilitafuta pasipo." Sasa ananipanga kwenye mbio zinazoishia kileleni tu. Nikimaliza narudi chini ndani ya lori pamoja na chupa za maji, na wenzangu wamenibatiza Bwana Juu. Ndani ya lori pia nashika kitu. Huko ni kushindana au ni kudanganya? Sijui. Jumamosi moja naona nimepata, ya pili naona nimekatwa nusu.

Ila sikuandika kwa ajili hiyo. Mama yake kamnunulia Kidoti baiskeli ndogo ya mtumba. Nyuma ya nyumba yetu kuna ujia unaoteremka mpaka kwenye kamba za nguo za jirani. Leo asubuhi nilikuwa nainua kiti chake kidogo, nikageuka kutafuta spana, na nilipoangalia tena alikuwa ameshapanda, ameinua miguu yote miwili hewani, anashuka. Breki ipo. Nilimwonyesha. Hakuigusa.

Mikono yangu ilikuwa mbele yangu, dada, vidole vimekunjwa, vinabana hewa.

Aliingia kwenye shuka za jirani, zikamfunika yeye na baiskeli. Kisha shuka ikasimama. "Tena," ikasema.

Nikamtazama mama yake mlangoni. Naye alikuwa ananitazama mimi. Kila mmoja alimsubiri mwenzake amkataze, na hakuna aliyemkataza.

Nakuandikia nikiwa dirishani. Anaisukuma baiskeli kupanda, kichwa chini, hatazami pembeni. Karibu anafika juu. Dada, ulipokuwa unaniachia mimi hivi, nikiwa mdogo, mikono yako uliiweka wapi?

Mdogo wako