Vitu vya Musonoi Havitoki Tena, Numbi

Numbi, mjukuu wangu,

Naweka barua hii ndani ya kikundi cha kuuza, hapa ambapo watu huweka picha za masufuria na vitanda, kwa sababu sina mahali pengine pa kukuandikia. Simu yako haiiti. Nimepiga mpaka nimemtukana yule mwanamke anayejibu ndani ya mashine. Kama umeazima simu ya mtu huko uliko, najua utafungua kikundi hiki kabla ya kitu kingine chochote. Hata hapa nyumbani ulikuwa hivyo: chai inapoa, wewe unatazama nani ameuza nini. Wengine watasoma pia. Waache wasome. Mimi si mtu wa kunong'ona.

Unakumbuka jinsi ulivyoniingiza kwenye kazi hii? Nilikuwa nauza mawese kwa kopo kando ya barabara, jua likinichoma kisogo, ukaja umeshika simu kama mtu aliyeokota dhahabu. Ukaniambia watu wa Kolwezi wanahama kila siku, wanaacha vitu vizuri, sisi tuvichukue tuviuze mtandaoni. Nikakuuliza tutajuaje kipi kitatoka upesi na kipi kitatuozea ndani ya nyumba. Ukacheka, ukasema na mimi bibi yako kama na mtoto.

"Apana kutoa franga kwanza, Kambo. Tuulize batu kwanza."

Nikadhani ni upumbavu wa watoto wa siku hizi. Lakini tukaenda hadi Kapata, kwa yule mama aliyekuwa anauza kabati, ukaipiga picha ikiwa bado imesimama chumbani kwake, ukaandika: "Iko mutu anatafuta?" Kisha ukakaa. Ukaomba maji. Mama wa watu akatutazama, akaitazama simu, akakunja mikono.

"Munakuya kukamata kabati, ao munakuya kuipiga foto ya ndoa?"

"Mama, bibi-arusi ni muzuri," ukamjibu, "tunamutafutia tu bwana."

Akacheka, akatuongezea na karanga. Kabla hatujazimaliza, bwana wa kabati akapatikana. Tukainunua pale pale huku mnunuzi wetu yuko njiani na mkokoteni. Siku hiyo nilikuheshimu, ingawa sikukuambia. Ukimsifu mtoto mapema anavimba.

Ulinifundisha kuwasoma watu wa simu. Wanaouliza "bei?" ni watu waliokaa tu, wamechoshwa na jua. Wanaoweka kidole gumba hawana kitu, wanapita. Anayeandika "nzuri sana" hatanunua hata ukimpa na kamba ya kubebea. "Lakini yule anayeuliza iko fasi gani, Kambo, huyo amekwisha kuvaa biatu." Na kweli, aliyeuliza kitu kiko wapi ndiye aliyenunua. Viti vya plastiki havikulala kwetu hata mara moja, maana matanga hayangoji mtu. Masufuria makubwa yalikimbia wakati wa kiangazi, ndoa zinapoanza. Vitu vya mtoto mchanga vilitoka kabla sijaosha mikono. Televisheni kubwa kila mtu aliisifu, hakuna aliyeibeba. Na kitanda, watu waliuliza kwanza nani alikuwa anakilalia. Kama ni cha marehemu, kinabaki. Ulitaka tusiseme. Nikakataa. Mimi nauza, sidanganyi mtu mahali atakapolaza mwili wake. Tukasema kweli, vitanda vikachelewa, na sijuti.

Halafu ile seti ya makochi mekundu ya yule karani aliyekuwa anahama! Ulinikataza mbele ya mwenyewe, bila haya: "Kambo, hii itakaa kwetu mpaka izae." Nikanunua, maana karani alikuwa ameinama kama mtu wa kuanguka, na mimi niliyapenda makochi. Hakuna aliyeuliza yako wapi. Yakakaa. Tukakunjana miguu kuyapita kwenda jikoni. Wewe hukunisuta hata neno moja, na hilo liliniuma kuliko kusutwa.

Ni juu ya kochi lile uliugua malaria ya msimu ule wa mvua. Nilikaa miguuni pako, nikiwa nimekufunika na kitenge changu cha kanisani. Homa ilikuwa inakusemesha. Nilidhani utamwita mama yako, Mungu amrehemu. Ukaniambia, "Kambo, jibu mama wa masufuria, anangojea." Nilicheka, machozi yakanitoka palepale, nikajibu. Masufuria yakatoka. Ukapona.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hutapenda.

Ulipomfuata Kabange wako ng'ambo ya mpaka, nilisema niliyosema. Nilisema mwanaume yule miguu yake haijui kukaa. Lakini nilijua pia kwamba wachimbaji walikuwa wamefukuzwa, shimo la mgodi limezungushiwa waya, na kijana asiye na koleo hapa Musonoi ni mdomo tu. Pale kwenye pikipiki ulinishika bega: "Kambo, usisahau. Kuuliza kwanza." Kana kwamba mimi ndiye ninayekwenda mbali na wewe ndiye unayebaki kunihurumia.

Baada ya hapo shimo likaja kwetu. Unalijua lilikokuwa, nyuma ya shule. Sasa liko nyuma ya jiko la jirani. Kuta zimepasuka, unaingiza mkono ndani ya nyufa. Wakapita watu na makopo ya rangi nyekundu, wakachora msalaba kwenye kila mlango, na wangu pia. Nyumba hii babu yako aliipata kwa kazi. Kampuni ilipoacha kulipa wazee, alikaa ndani yake akingoja mshahara mpaka wakamtoa amelala. Mimi niliolewa humu, nikazaa humu, nikakulea humu. Kijana mwenye rangi hakuniamkia hata "jambo, mama". Nikamuuliza kama kwao alizaliwa na kopo la rangi. Akaendelea kuchora. Wanasema gari litatupeleka mahali palipo na nyasi, mbali, na mashine itakuja kusukuma nyumba.

Basi kila mtu akaanza kuuza. Na mimi nikafanya kama ulivyonifunza. Niliingia nyumba kwa nyumba, nikapiga picha: vitanda, magodoro, baiskeli, friji mbili za baa ya jirani. Nikaandika, nikangoja. Numbi! "Iko fasi gani? Iko fasi gani?" Yalimiminika kama mvua ya mawe. Sijawahi kuona. Nikasema laiti Numbi angekuwa hapa, angecheza. Nikatoa kila franga niliyokuwa nimeficha, nikanunua vyote. Kwa sababu habari zilikuwa zimefika kwamba huko mpakani wanawafukuza watu wetu, wanarudi na mafurushi, wengine bila furushi. Nikawaza: nitauza haraka, nitapanda gari, nitakwenda kukutafuta.

Nikawajibu wote: Musonoi.

Kimya. Hakuna aliyerudi, hata mmoja. Nikadhani simu imekufa. Mwishowe nikampigia mama mmoja wa mjini aliyekuwa ameuliza habari za friji.

"Uko Musonoi, mama?" akasema. "Ah. Basi tutangojea."

"Mutangojea nini?"

"Si munafukuzwa? Bitu mutaiacha mu barabara. Nitalipa ya nini?"

Alisema kwa upole, kama anayenishauri. Nikamwambia akaipige foto roho yake, aitie kwenye kikundi, aone kama kuna mutu atauliza iko wapi. Nikakata simu. Kisha nikakaa chini katikati ya vitu vya majirani zangu.

Umeelewa? Swali lile lile. Walikuwa wamevaa viatu, ndiyo, lakini ni viatu vya kusubiri tutoke. Waliuliza mahali ili wajue kama sisi ndio wale wa msalaba mwekundu. Ulinifunza kusoma watu wakati watu walikuwa watu. Hukunifunza kuwasoma wakati jirani yao anatupwa nje.

Nimekaa na vitu hivi mpaka nimevichukia. Nalala kati ya friji mbili kama samaki. Kila nikisikia mashine huko shimoni nafikiri ni zamu yetu. Nimekasirika nawe pia, usidhani sikukasirika. Kwa nini namba yangu hukuiweka kichwani? Uliiweka ndani ya simu, na simu ni kitu cha kunyang'anywa. Unachojua wewe ni nyumba hii tu. Ukirudi ukakuta shimo, utauliza nani? Kunguru?

Juma lililopita, misa ilipokwisha, nilimkuta uani mwa parokia mwanamke mmoja aliyefukuzwa kutoka ng'ambo. Miguu yake imevimba, amefunga kichwa kwa gunia. Kila anayefika namuuliza habari zako, watu wamenizoea, wananikwepa. Huyu hakunikwepa. Alisema amepitia Kasaji, na pale karibu na gare, treni inaposimama, kuna msichana anayewauzia waliofukuzwa vitu walivyobaki navyo.

"Anauza namna gani?" nikamuuliza.

"Habebe kitu ya mutu, mama. Anaiacha kwa mwenyewe. Anazunguka batu, anapima sufuria na mikono, hivi, mu hewa. Mutu akiuliza iko fasi gani, njo anamuleta kwa mwenye kitu."

Nilishika ukuta wa kanisa. Nikamuuliza jina. Hakulijua. Nikamuuliza kama yuko na mume. Akasema yuko peke yake.

"Ni mwembamba," akasema, "lakini tumbo imetangulia."

Numbi, tangu siku ile chakula hakipiti. Nikifumba macho naona mikono ikipima sufuria hewani. Wangapi duniani wanauza namna ile? Labda wengi. Labda hilo ni jambo ambalo kila mwenye njaa analigundua mwenyewe. Najiambia hivyo ili nisije nikafa kwa furaha ya uongo. Halafu najibu mwenyewe: hapana, ni wewe. Halafu nasema, na kama ni wewe, umesimama kwenye gare na tumbo hilo, unakula nini, unalala wapi, na mimi niko hapa nalinda friji?

Jana nikamwita Baba Saidi, yule msafirishaji aliyetoka mashariki, ambaye kamio yake ya mizigo inakwenda Kasaji kufuata mihogo. Alitoka msikitini, akaja na kanzu yake safi, akazunguka vitu vyangu bila kugusa. Nilimsoma, naye alikuwa anasoma vitu. Magodoro aliyakubali kwa macho. Baiskeli aliikubali zaidi, Kasaji ni watu wa baiskeli. Alipofika kwenye friji akatikisa kichwa, maana Kasaji hakuna umeme.

"Mama, kule courant iko wapi?"

"Na panya wako wapi?" nikamuuliza.

"Panya?"

"Mutu wa Kasaji anavuna mahindi, anaweka unga mu gunia, panya anakula mbele yake. Friji inafungwa, Baba Saidi. Panya hana meno ya chuma. Uza kama sanduku ya unga, utaona."

Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mama, ungekuwa mutoto yangu ningekupatia butike uuze."

"Ungekuwa yangu, ungekwisha kupakia."

Akaniuliza nataka nini kwa vyote. Mimi, unayenijua, niliyebishana na mtu nusu siku kwa ajili ya kijiko, sikutaja bei. Nilimwambia anipe kiti cha mbele, karibu na dereva, na mahali pa furushi moja. Vingine vyote ni vyake, mpaka makochi mekundu. Alidhani namtania. Alipoona sitanii aliinamisha macho, akaniita mama kwa sauti nyingine.

Leo wamepakia. Majirani wamenitazama kama mwenda wazimu. Mama Jeanne, niliyenunua vitanda vyake, amenijia na kuniambia kwa uso mkavu, "Unaacha nafasi yako ndani ya gari la kuhamishwa? Ukirudi utakosa hata zile nyasi." Nikamwambia nyasi hazina mjukuu. Padri nimemwachia neno, endapo utapita hapa tukapishana njiani.

Najua ninachofanya. Kama msichana yule si wewe, nitakuwa mwanamke mzee kwenye gare ya watu, sina nyumba, sina kitu cha kuuza, sina hata mtu wa kumkemea. Hakuna haja ya mtu yeyote wa kikundi hiki kunieleza hilo. Na vidole gumba vyenu sivitaki.

Kamio inawaka, Baba Saidi anapiga honi, ataningoja. Sikiliza, Numbi. Kama ni wewe, usiondoke Kasaji. Usimfuate mtu anayekuambia kuna kazi mahali fulani, hata akiwa na jina la Kabange. Kaa karibu na gare, kaa kivulini, kunywa maji, usibebe kitu kizito. Na kama si wewe, nitamshika huyo msichana mkono, yeye na tumbo lake, na sitamwachia mpaka aniambie ni nani aliyemfundisha kuuliza kwanza.

Nakuja kwako, mtoto mwenye kichwa kigumu, na hasira zangu zote na kitenge cha kanisani.

Kambo yako