Sare Zetu kwenye Meli ya Watalii

Malindi, Mji Mkongwe,
Unguja.
21 Septemba 2025

Mpendwa Dada Ummukulthum,

Shikamoo. Waonaje huko Maskati na joto lake? Shemegi Anuar mgongo umempoa? Watoto je, bado wanaukataa muhogo? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila mimi sauti imenikauka, na sababu yake utaisoma humu humu.

Najua unachotaka kukijua kwanza ni hali ya Mama. Tangu Baba atutoke, eda imekwisha zamani lakini yeye hatoki: harusi hapana, hitima hapana, hata barazani hakai. Wewe ukaona umpe safari ya meli ya watalii, azunguke kisiwa mpaka Pemba, labda moyo utafunguka. Nilimbembeleza mpaka akakubali, shingo upande, tukafuatana naye mimi na Mama mdogo Mwatima.

Basi Dada, zile picha ulizotutumia sijui ni za meli gani. Bwawa la kuogelea tulilikuta kavu, limejazwa viti vya plastiki. Chumba chetu kilipakana na injini, ukitaka kusema na mwenzio umshike bega kwanza. Chakula ni viazi vya kuchemsha asubuhi, na jioni viazi vile vile vimetiwa mchuzi. Bahati Mama mdogo hamwamini mpishi asiyemjua. Alikuja na kapu la mikate ya kumimina na achari, tukawa tunakula kwa kujificha kama watu wanaokula mchana wa Ramadhani.

Huyo huyo Mama mdogo ndiye aliyetuponza. Alishika kauli kwamba meli ya kualikwa ni shughuli, na kwenda kwenye shughuli bila sare ni kuwadharau wenyeji. Akatushonea sote watatu magauni ya zambarau yenye nyuzi za dhahabu, na mitandio yake. Nilicheka, lakini nilivaa. Nani wa kumbishia?

Pemba hatukuiona. Tulipofika mbele ya Mkokotoni injini ilikohoa ikanyamaza, meli ikatia nanga pale pale, soko la samaki tunalitazama. Kundi la taarabu lililokodiwa kuwaburudisha wageni lilikuwa lipande hapo, nalo halikutokea. Wageni, wengi wao wazee wa Kizungu, wakaanza kununa. Mara msimamizi wa ukumbi, kijana wa bara, akatuona sisi tunaingia kula, sare moja, udi unanukia, akamshukuru Mungu kwa sauti. Kabla sijafungua mdomo tulikuwa jukwaani, kipaza sauti mbele yetu na watu wanapiga makofi.

Nilimwambia yule kijana kwamba na sisi ni wageni kama wale, akapauka uso. Nikamshika Mama mkono tushuke, maana niliogopa aibu ile ingemrudisha ndani moja kwa moja, asitoke tena. Mama hakuinuka.

"Watu washakaa kitako wanangoja," akaniambia. "Utawaondokeaje?"

Akakigeuza kiti, sisi akatupa uso na wageni akawapa mgongo, kama alivyokuwa akikaa alipoimba kwenye ngoma za wanawake. Akaomba sinia, akaligonga kwa pete yake, akaanza wimbo wa kumwingiza bibi harusi. Sauti ile nilikuwa nimekata tamaa ya kuisikia. Mama mdogo na mimi tukaitikia, mimi vibaya kama unavyonijua. Katikati akalia, akafuta uso kwa mtandio, akaendelea. Na mimi nililia, Dada, sioni haya kukwambia. Wimbo ulipokwisha alitusimulia kwamba kwenye harusi Baba alikuwa akimsikiliza kutoka nje, huku anajifanya amesinzia. Hapo akacheka, na tukaimba mpaka wageni wakasahau viazi.

Kesho yake tulirudishwa mjini tunavutwa na meli nyingine. Jana wenye meli walipiga simu kuomba radhi, wakatualika safari nyingine Ijumaa bila malipo. Nikampa Mama simu ajibu mwenyewe. Alikuwa mlangoni, keshavaa buibui.

"Ijumaa siwezi, mwanangu," akamwambia yule wa kwenye simu. "Kwa Bi Hija pana harusi, na mwimbaji ni mie."

Nisalimie Shemegi Anuar, Bashira na Hamid. Mama mdogo anakusalimu sana, anauliza kama karafuu alizokutumia zimefika. Mama naye anakuombea dua kila baada ya sala. Mungu akuzidishie kheri, na akulinde ugenini kama ulivyomkumbuka mzazi wetu.

Mdogo wako akupendaye kwa dhati,
Nadra