Kona ya Nyuma ya Sakafu ya Baba

Nyumba ya tatu,
Nyuma ya kituo cha zimamoto,
Jumapili, 12 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Shikamoo yako uliyomtuma Shangazi imefika. Marahaba, na salamu zikurudie wewe, wifi yangu na huyo mtoto anayeota meno. Homa imemwachia? Huku tu wazima. Goti la Mama humsumbua asubuhi, likishapata moto husahau kwamba linauma. Baba yupo, anakula, analala.

Najua unachongoja kusikia, kwa hiyo sitazunguka. Shangazi amekuambia kwa simu kwamba nimemfukuzisha Baba kazi. Shangazi si mwongo, ila yeye habari akiishika kichwa huisambaza kabla mkia haujafika. Mimi nakupa na mkia.

Unalikumbuka lile jengo lisilo na madirisha tulilokuwa tukifanyia kazi, mimi nikipima zege na Baba akiongoza mafundi wa sakafu. Humo ndimo zilimowekwa mashine za akili bandia. Uliwahi kuniambia kwamba ile programu inayokuandikia ripoti iko hewani tu. Hewa hiyo, ndugu yangu, ina tani. Kabati moja la mashine linapita uzito wa gari dogo, linakula umeme wa mtaa mzima, na linataka mabomba ya maji ya kulipoza lisiungue.

Sakafu ya kwanza ya ghorofani Baba aliimaliza mwezi wa nne. Ilitulia kama maji kwenye beseni. Kabla haijawekwa hata kabati moja, mhandisi akaja na michoro mipya. Mashine zilizochorewa jengo zilikuwa zimeshapitwa, na hizo mpya zilikuwa nzito mara mbili.

"Yaani tuvunje?" Baba akauliza.

"Tuvunje, mzee wangu. Nilichora juzi, leo mchoro umeshazeeka."

Baba alicheka. Alisema amejenga nyumba ambazo wenyewe wamekufa na sakafu zao zipo, lakini hajapata kuona sakafu ikifa kabla mwenyewe hajahamia. Wakaibomoa wiki mbili nzima, vumbi likatuingia mpaka kwenye chai.

Ya pili ilikuwa nene, nondo zimesukwa hata mguu haupiti. Tarehe ya mashine kufika haikuweza kusogezwa. Walituambia foleni ya kuzipata ni ndefu, ukikosa zamu yako unarudi mkiani. Zege nalo, unavyojua, halijui habari za foleni. Linataka siku zake ishirini na nane.

Siku ya mwisho ya kumwaga, trela lililoleta transfoma liliziba geti saa nane mchana, jua kali, na gari la zege likakwama nyuma yake. Nilichukua vipande vyangu vya kupima palepale getini, nikaenda zangu maabara. Gari lilipoingia ndani, zege lilikuwa limeanza kushika, na kona ya nyuma bado haijamwagwa. Msimamizi wa ujenzi alisimama anaangalia saa. Wakaongeza maji, likalainika na kupoteza nguvu, likamwagwa. Mimi sikuyaona hayo.

Siku ya ishirini na nane vipande vyangu vikafaulu vyote. Bila shaka vingefaulu, vilichukuliwa kabla ya maji. Karatasi ya kuipitisha sakafu ilibakiza sahihi yangu tu, na makabati yalikuwa yameshashushwa uani ndani ya masanduku ya mbao. Nikapita sakafuni kwa mazoea. Pale kona ya nyuma nikakwaruza kwa ufunguo. Ukatoka unga.

Kasuku, nilikwaruza tena, ukatoka tena. Karatasi zilikuwa safi, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza. Nikamfuata Baba. Nilimkuta anaosha mwiko wake kwenye pipa.

"Baba, kona ya nyuma iliongezwa maji?"

Hakuinua kichwa. "Iliongezwa."

"Nani aliruhusu?"

"Mimi. Msimamizi alitaka, lakini wa kukataa nilikuwa mimi."

Nikamwambia nikiandika, atakayeitwa ni yeye. Aliupangusa mwiko mpaka ukakauka, ndipo akaniangalia.

"Chini ya kona ile kuna nini?"

"Chumba cha pampu. Watu sita kila zamu."

"Sasa unaniuliza nini mimi? Andika ulichokiona."

Niliandika. Tarehe niliikosea mara mbili.

Kona ikatobolewa, vipande vikachomolewa, na kwenye mashine ya kupimia vikapondeka kama biskuti. Msimamizi aliniita ofisini, akafoka kwamba nimemchelewesha mwezi mzima kwa ufunguo wa nyumbani kwangu. Nikamjibu kwamba ufunguo haukuongeza maji. Wiki iliyofuata alihamishwa.

Baba naye aliitwa kikaoni. Hakumtupia mtu lawama, wala hakutaja joto wala trela. Kwa hiyo elewa vizuri, na mweleze Shangazi: hawakumfukuza. Yeye ndiye aliyesema kwamba ataitengeneza kona kisha ataondoka. Aliivunja mwenyewe, akakataa kusaidiwa kusuka nondo, akamwaga upya. Kila asubuhi na kila jioni alikuja kuimwagilia kama bustani. Nilipoipima, ilizidi nguvu sehemu nyingine zote. Siku hiyohiyo akarudisha kofia ya kazi stoo.

Makabati yameshapandishwa, yananguruma usiku na mchana. Mafundi wa mashine hizo wanasema yaliyo bora zaidi yameshatangazwa, na jengo la pili linachorwa. Mhandisi alikuja mpaka hapa nyumbani kumwomba Baba ushauri wa unene wa sakafu. Baba akamwambia, "Safari hii chora kwa penseli."

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Siku tano Baba hakunipa zaidi ya salamu, na Mama akawa tarishi kati ya sebule na jikoni: baba yako anauliza chumvi, mwanao anasema iko mezani. Siku ya sita Baba akaniuliza mwenyewe leo napima nini. Nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho. Hapo ndipo tulipo.

Nakuomba umpigie simu. Usimpe pole, hakufiwa. Muulize juu ya lile bafu lako linalovuja, na usimkatize hata akirudia mambo. Akigusia ile kona, atakuambia nilifanya sawa. Kwa Mama ameshasema, kwa mhandisi ameshasema, hata kwa kinyozi wake. Kwangu bado. Na mimi bado sijapata namna ya kumwambia kwamba siku ile, kabla sijakwenda pale kwenye pipa, nilishaishika kalamu ili nitie sahihi.

Msalimie sana wifi, umbusu mtoto shavu lisilo na uvimbe wa meno, na yule mzee jirani yenu anayekuazima ngazi mwambie namkumbuka. Mama anawaombea kila asubuhi, goti likiruhusu na lisiporuhusu. Mungu awatunze huko mliko na atukutanishe tukiwa wazima.

Wako akupendaye,
Dada yako.